Siku Neno la Boma Lilipopanda Matogoro

Hapana, Danieli. Hapo sikubali, hata umlete padri aliyekufundisha. Ulisema jana pale barazani, watu wakisikia, kwamba mkalimani ni mfereji tu: Serikali inamwaga maji huku, yanatokea kule, na mfereji hauna lawama. Halafu ukacheka. Ningekujibu pale pale, lakini ulisimama upande wa sikio langu bovu, na mpaka nimalize kuuliza watu umesema nini ulikuwa umeshaondoka. Basi nakuandikia. Na wenzako wapya pale boma wasome pia, maana mimi nikitibuliwa na mmoja huwa simalizi kwa huyo mmoja.

Kwanza hili la kustaafu. Najua mnanicheka. Mstaafu gani ana meno yote na mke wake ana mimba ya pili? Ni kweli, sijafika hata miaka thelathini na mitano kwa hesabu ya mama yangu, ambaye anahesabu kwa mavuno na hajawahi kukosea. Lakini daktari wa jeshi aliniwekea saa ya mfukoni kwenye sikio la kulia akaniuliza nasikia nini. Nikamwambia nasikia baridi. Akaandika karatasi, ikawa basi. Sikio lenyewe nitalisema mbele.

Kazi ya boma niliianza kwa kubeba nyasi za kuezeka. Sikusoma popote. Kiswahili cha pwani nilikipata kwa askari, na Kidachi nilikipata juu ya paa. Kila asubuhi sajini wa Kidachi alikuwa akimgombeza mpishi wake jikoni, na mimi niko juu nafunga nyasi, nasikiliza. Kwa hiyo Kidachi changu cha kwanza kilikuwa matusi mpaka mwisho. Nilijua kumwita mtu nguruwe kabla sijajua kusema habari za asubuhi. Siku moja nikamrudishia sajini maneno yake nikidhani namsalimia. Nilishushwa kwenye paa kwa mguu. Lakini Bwana Mkubwa wa boma aliposikia kuna Mngoni anayetukana Kidachi bila kukosea, akaniita ofisini. Ndiyo ajira yangu hiyo, nawaambia bila aibu.

Ofisini nilimkuta Bwana Salimu. Huyu ni Myao wa upande wa Tunduru, Mwislamu safi, kanzu nyeupe hata wakati wa tope. Alikuwa mkalimani wa boma toka boma lenyewe lilipokuwa vigingi na kamba. Alijua Kiyao, Kingoni, Kinyasa na Kiswahili. Kidachi hakujua, ndiyo maana nilihitajiwa. Bwana Mkubwa Kiswahili chake kilitosha kuagiza maji ya kuoga. Kwa mashauri hakikutosha, ila yeye hakuwa na habari hiyo.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa shauri la mbuzi. Watu wawili, mbuzi mmoja. Nikatafsiri kila kitu, na vile walivyotukanana, na sauti ile ile, na mikono. Mpaka jua linafika kichwani wote wawili wako ndani, na mbuzi amekula kamba amekwenda zake. Bwana Salimu hakunigombeza. Alinipeleka nyuma ya ghala, akanimiminia togwa, akasema, "Mwanangu, hasira ya mtu usiitafsiri kabla hajavuta pumzi ya pili. Ya kwanza si yake, ni ya shetani."

Hapo akanipa kokoto saba. Ninazo hadi leo, na hii ndiyo zana pekee ya kazi nitakayokufundisheni, sikilizeni. Mzungu akisema, kila jambo weka kokoto moja mfuko wa kulia. Wewe ukisema, kila jambo ulilolifikisha hamishia kokoto kushoto. Mfuko wa kulia ukibaki na kitu, kuna neno la mtu umelimeza. Na usimame kando, si nyuma, uone mikono ya anayesema. Na usinywe maji kabla ya shauri refu. Mambo haya shule ya padri hayapo.

Sasa nifike kwenye unalolijua nusu, Danieli. Wewe unasema Serikali kubwa ya Ulaya ilikuwa na siasa yake juu ya nchi hii, na sisi wadogo hatuna letu. Siasa hiyo naijua kuliko wewe, maana yote ilipita kinywani mwangu. Ilikuja kwa barua tatu. Barua ya kwanza, kabla ya vita, ilisema watu wa Ungoni ni raia wa Kaizari, walime barabara, walipe kodi, watakaa kwa amani. Niliisema barazani, wazee wakaitikia polepole, wakaenda kwao. Bwana Mkubwa akafurahi, akaandika wamekubali. Bwana Salimu akanong'ona, "Wamesikia. Kukubali hawajaanza."

Vita ya Maji Maji ilipofika huku, siwahadithii, kila nyumba ina habari yake. Mimi nilikuwa upande wa boma. Nasema hivyo hivyo, bila kuzungukazunguka. Nilisimama karibu na ile bunduki ya risasi za mfululizo, tulikuwa tunaiita bombomu, nikingoja kutafsiri kama kuna mtu atakayetaka kusema. Hakuna aliyesema. Sikio la kulia likabaki pale.

Barua ya pili ilikuja vita ikiwa katikati. Ilikuwa fupi, kokoto mbili tu. Ghala zote zichomwe. Mashamba yote yachomwe. Ulaya kuna mtu alikaa akafikiri kwamba njaa ni rahisi kuliko risasi, na kweli ni rahisi, haina hata haja ya kulenga. Niliwatafsiria majumbe waliobaki upande wetu ili wawaonyeshe askari njia. Nilihamisha kokoto mbili toka kulia kwenda kushoto. Bwana Salimu ndiye aliyeondoka. Alikwenda kuswali, akachelewa kurudi.

Vita ilipolegea, boma likatangaza kwamba atakayeshuka toka porini atasikilizwa. Tangazo hilo nililipeleka mimi. Mume wa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, akashuka kwa sababu aliisikia sauti yangu. Akasikilizwa asubuhi, na siku ile ile akanyongwa pamoja na wenzake pale mnapopaona kila siku. Baada ya hapo nani tena angeshuka? Shangazi akachukua watu wa kijiji chake waliobaki, wengi wanawake na wazee, na vijana wachache wenye majeraha, akapanda nao kwenye msitu wa kilima cha Matogoro.

Ndipo ikaja barua ya tatu. Sasa Ulaya walikuwa wamegundua kwamba nchi isiyo na watu haina wa kulima. Walioko porini warudi wapande mazao, watasamehewa, ila viongozi wao wajulikane. Na mvua za kwanza zikinyesha kama bado wako juu, hao ni adui, kikosi kipande kuwafuata. Danieli, huo ndio ulikuwa muda aliopewa shangazi yangu: mpaka mvua za kwanza. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya Matogoro.

Bwana Mkubwa hakuwa mtu mbaya kama sajini, nitamtendea haki. Alitaka washuke. Akafikiri: hawa wana njaa, nitawapelekea chakula. Akatuma magunia sita ya mchele, yakawekwa kwenye njia ya kupandia kilimani, askari wakarudi nyuma. Siku ya tatu tukaenda kuangalia. Hakuna gunia lililofunguliwa. Kulikuwa na nyayo za watu kuzunguka magunia, nyayo ndogondogo za watu wepesi, wamesimama, wametazama, wamerudi juu. Bwana Mkubwa akawa mwekundu. Akasema hicho ni kiburi, au basi hawana njaa, na akaanza kuzungumza habari za kikosi bila kungoja mvua.

Mimi nami nilikasirika, tena na shangazi. Nikasema yule mama ana kichwa kigumu, atawaua watu. Bwana Salimu akaniacha nipige kelele mpaka nikachoka. Yeye si Mngoni, lakini alikuwa amekaa nchi hii kwa masikio yote mawili. Akaniuliza, "Zamani kwenu, mtu akitekwa vitani, akaletwa nyumbani, anayemlisha ni nani?"

Nikasema, aliyemteka.

"Na akishakula?"

Akishakula ni mtu wake. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: mateka hulishwa, na akila amekubali. Na anayeleta neno la amani hafanyi hivyo kabisa. Anakwenda mikono mitupu, anakaa chini, anakula kwanza chakula cha wale aliowaendea, kwenye chungu chao, na wao wanakula nyuma yake. Ndipo neno linasemwa. Mimi nimezaliwa humo, nikasahau. Nilikuwa nimekula mchele wa boma miaka mingi mno.

Amri ya boma ilikuwa hakuna mtu wa Serikali kula chakula cha wenyeji, kwa kuogopa sumu. Bwana Salimu hakuomba ruhusa. Aliniambia tu nivae viatu. Tukaondoka asubuhi, sisi wawili, bila askari, bila kitambaa cheupe. Njiani aliteleza mara mbili, kanzu ikachafuka, na hakulalamika, jambo lililonitisha kuliko kilima.

Walituona kabla hatujawaona. Shangazi alitoka katikati ya miti akiwa amekonda hadi nikamtambua kwa mwendo. Nikapiga goti. "Shikamoo shangazi."

Hakuitikia. Aliniuliza, "Mume wangu alisikilizwa?"

"Alisikilizwa, shangazi."

"Kwa muda gani?"

Mimi ni mtu wa maneno, mnanijua. Siku ile nilitafuta la kumdanganya nikakosa. Nikasema, "Kokoto tatu." Nikamweleza kokoto ni nini. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na kumbe ndiyo aliyoidhania.

Kisha akaleta chungu. Ndani yake kulikuwa na viazi mwitu. Mnavijua, vile vyenye sumu, vinavyokatwa vipande vyembamba na kulowekwa kwenye maji yanayotembea siku nne ndipo mtu ale akaishi. Shangazi hakutuficha. "Hivi vimelala majini siku mbili," akasema. "Kijito kizuri kiko chini, na chini kuna askari wenu. Sisi tunakula hivi hivi, kidogo kidogo. Wengine vinawashika, wengine vinawaacha. Nyie mmekuja na neno. Haya."

Akapakua vibakuli viwili.

Nilichukua changu. Bwana Salimu akaniwekea mkono juu yake. "Wewe hapana."

Nikamwambia, mzee, usinivunjie heshima mbele ya shangazi yangu.

"Kesho pale boma nani ataongea Kidachi? Mimi?" Alikuwa anatabasamu. "Ukianguka wewe, watu hawa watashuka mbele ya bunduki bila mdomo. Nikianguka mimi, boma limepoteza Kiyao. Kiyao watakipata kwingine."

Tuligombana, nawaambia, tuligombana pale kama watu wa shauri la mbuzi. Watu wazima wawili tunavutana kibakuli cha sumu, na watu wenye njaa wanatutazama. Kuna bibi mmoja alianza kucheka. Bwana Salimu alinishinda nguvu, sijui alizitoa wapi. Akasema bismillahi, akala chake, akala na changu, taratibu, akilamba vidole kana kwamba ni pilau ya Idi.

Shangazi akatazama kibakuli changu kitupu, akanitazama mimi. "Wewe hujala. Huyu ni nani kwako?"

Sikuwahi kulisema neno hilo kabla ya siku ile, wala hatukuwahi kulizungumza. Nikasema, "Ni baba yangu."

Bwana Salimu akaacha kulamba vidole.

"Basi baba amekula, nyumba imekula," shangazi akasema. Akajipakulia, akala, na watu wake wakala nyuma yake. Ndipo nikasema barua ya tatu, yote, hata pale pa viongozi kujulikana. Sikubakiza kitu mfuko wa kulia.

Jua halijafika kichwani viazi vikamshika Bwana Salimu. Kwanza mate, kisha ulimi ukawa mzito, kisha miguu ikakataa. Wao walikuwa wameshazoea kula kidogo. Yeye alikuwa amekula vya watu wawili akitoka kwenye wali. Nilipiga kelele, nikamlaumu kila mtu, na shangazi zaidi. Yeye aliwaambia vijana wakate miti, wakatengeneza machela kwa magome, wakamweka juu, wakainua. Nilimuuliza wanampeleka wapi. Akanitazama kama mjinga. "Kwa daktari wenu," akasema. "Mtu aliyekula kwetu afie porini?"

Hivyo ndivyo watu wa Matogoro walivyoshuka. Hakuna aliyewashusha. Walikuwa wamebeba mgonjwa. Walibadilishana machela, wenye nguvu na wasio na nguvu, mimi nimeshika kichwa chake kisigongwe. Tulipofika kwenye magunia shangazi akasimamisha watu. Mchele wa juu ulikuwa umeoza kwa umande, wa chini ulikuwa mzima. Akasema sasa unaweza kuchukuliwa, kwa kuwa watu wa boma wameshakula kwake. Wakachukua.

Pale boma askari walishika bunduki walipotuona. Bwana Mkubwa akatoka na daftari. Sajini akatoka na minyororo, maana desturi yake ilikuwa kuwafunga wanaume kwanza na kuuliza baadaye. Alipomshika kijana wa kwanza, aliyebeba machela begani, mimi hasira zikanipanda. Nikatoa kile Kidachi changu cha kwanza, chote, kile cha juu ya paa. Sajini alisimama na mnyororo mkononi, anasikiliza maneno yake mwenyewe. Mpishi wake alikuwa mlangoni mwa jiko. Alirudi ndani haraka, tukasikia sufuria zinaanguka.

Bwana Mkubwa hakucheka. Akauliza kama watu hawa wamejisalimisha. Nikasema hapana, Bwana, wamekuletea mkalimani wako, anakufa. Akamwita daktari. Kisha akafungua daftari akauliza swali lenyewe: kiongozi wao nani?

Shangazi alielewa bila kutafsiriwa. Akapiga hatua moja mbele, akaniambia kwa Kingoni, "Mwambie ni mimi."

Hiyo ilikuwa kokoto moja. Niliishika mfukoni. Na wewe, Danieli, ambaye hujawahi kushika kitu, nikwambie: niliiacha pale pale kulia. Nikamwambia Bwana Mkubwa, "Mama huyu anasema aliyewaongoza kushuka ni yule aliyelala kwenye machela."

Bwana Mkubwa akamtazama shangazi muda mrefu. Akanitazama mimi. Akainama kwenye machela, akauliza kwa Kiswahili chake cha maji ya kuoga, "Salimu. Kweli wewe naongoza hawa?"

Ulimi ulikuwa umekufa nusu. Lakini Bwana Salimu alikuwa mkalimani, alijua kutafuta njia ya neno. "Ndi-yo, Bwana."

Basi ukawa mtihani kwa Serikali. Imnyonge mkalimani wake? Bwana Mkubwa alisimama na kalamu hewani, halafu akaandika kitu kimoja, akafunga daftari. Sijui aliandika nini. Akasema wapewe mahali pa kulima upande wa Ruhuwiko, na jembe. Mvua ikanyesha baada ya siku tano, wakiwa wanachoma majani ya mashamba mapya.

Bwana Salimu hakufa siku ile. Ulimi ulirudi, miguu haikurudi. Nilimchukua kwangu, akaishi misimu miwili ya ulezi, akikaa mlangoni kwangu kwenye kigoda, akiniamkia kila nikirudi kazini kwa kuuliza leo nimebakiza nini mfukoni. Shangazi alikuwa anakuja toka Ruhuwiko na uji, anamlisha mwenyewe, kijiko kwa kijiko, na walikuwa wakigombana juu ya chumvi kama mke na mume wa zamani. Mke wangu alisema nyumba ile ilikuwa na wazee wawili watundu na mimi wa tatu. Siku moja nilimwambia, baba, angalau watu wale tuliwaokoa. Nilisema kwa majivuno kidogo. Alinishika mkono, akaukalisha kwenye goti lake lisilosikia kitu. "Kilima kimoja, mwanangu," akasema. Ijumaa iliyofuata tulimzika.

Sikumwelewa mpaka nilipotumwa njia ya Namtumbo kutazama vijiji vilivyo tupu. Kuna vilima vingi upande ule. Kwenye kijito kimoja, chini ya kilima ambacho jina lake sina wa kumuuliza, nilikuta vikapu vimefungwa kwenye mizizi, ndani ya maji. Viazi mwitu, vimekatwa vipande vyembamba, kwa mkono wa mtu anayejua. Vilikuwa vimelowa siku nne na zaidi ya nne, vimekuwa vyeupe, havina sumu tena hata kidogo. Hakuna aliyerudi kuvitoa. Nikapanda juu. Mafiga yalikuwa baridi, na sitaandika nilichokiona kando ya mafiga.

Barua ya tatu ilikuwa ile ile kwa vilima vyote. Msamaha ule ule, mvua zile zile. Na wakalimani tulikuwepo wa kutosha, tunalipwa, tunakula wali. Haya, Danieli, wewe uliyecheka barazani, na wewe mwingine unayesoma begani kwake: kule nani alikwenda?